Anayekwenda Cu Lao Cham alale huko

Mhariri,

Kurasa za safari husifu fukwe za Cu Lao Cham, visiwa vinane vilivyo mbele ya mji wa Hoi An, katikati ya Vietnam, lakini hazimwambii msomaji habari za msimu wala za lango la Cua Dai ambalo boti hupitia.

Kati ya Machi na Agosti bahari hutulia na maji huwa maangavu. Kuanzia Oktoba hadi Januari upepo wa kaskazini-mashariki huichafua, boti husimamishwa, pengine siku kadhaa mfululizo, na aliye kisiwani hukwama. Asiyetaka kukosa ndege Da Nang aache siku moja kati ya kurudi bara na kuruka, hata msimu ukiwa mzuri.

Cua Dai ni mdomo wa mto Thu Bon. Maji yanayotoka mtoni hukutana na mawimbi yanayoingia juu ya mafungu ya mchanga, kwa hiyo wimbi lililokuwa la kawaida huko nje huinuka na kuvunjika hapo. Tarehe 26 Februari 2022 boti iliyokuwa ikirudi kutoka kisiwani ilipinduka karibu na lango hilo, watu 17 wakafa. Jaketi la kuokolea livaliwe na mikanda ifungwe kabla boti haijang'oa nanga, lisivuliwe mpaka gatini. Katika boti yenye paa, chagueni kiti kilicho karibu na mlango: ikipinduka, jaketi humwinua mtu na kumbana ndani. Nahodha akisema leo hatutoki, msimbembeleze.

Boti ya kasi huchukua dakika 20 hadi 30, ya mbao kama saa moja na nusu. Ile ya kasi huinua omo, yaani sehemu ya mbele, na kuibwaga kwa kishindo kwenye kila wimbi, na kishindo hicho huingia moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Tezini, yaani nyuma, kuna nafuu, ingawa utalowa. Mjamzito na mwenye mgongo mbovu wasiipande kabisa. Dawa ya kichefuchefu humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka. Ukingoja bahari ikuchafue, utaitapika.

Wageni wa siku moja hufika asubuhi kwa mkupuo, wakajazana kwenye matumbawe yaleyale, kisha huondoka mchana. Anayelala hubaki na ufuo mtulivu. Gati liko Bai Lang. Bai Huong, kijiji cha wavuvi upande wa kusini, familia hupangisha vyumba na kupikia wageni. Barabara ya huko ina miteremko mikali, basi kagua breki kabla ya kukodi pikipiki. Beba pasipoti yenyewe, si nakala, kwa sababu mwenyeji hulazimika kumwandikisha mgeni, na chukua dong, pesa ya Vietnam, taslimu za noti ndogo.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku huko tangu 2009, mwaka ambao UNESCO iliviingiza visiwa hivyo kwenye orodha ya hifadhi za baiolojia. Vitu vifungwe kwenye mfuko wa kitambaa au begi lisilopenya maji. Mezani, kaa wa msituni aliwe tu akiwa na lebo ya hifadhi gambani. Jike hushuka baharini kutoa mayai, na akikamatwa njiani, kizazi kizima hupotea. Asiye na lebo msimnunue.

Msomaji wenu