Mtoto wa bwaki asikimbiziwe serumu

Bwana Mhariri,

Mimi ni mjumbe wa afya hapa Kadutu, Bukavu. Naomba nafasi niseme na wazazi wenzangu juu ya bwaki (kwashiorkor), utapiamlo unaomvimbisha mtoto.

Mzazi akiona mashavu yamejaa na miguu imetuna, husema mtoto amenona. Minya kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili, hesabu mpaka tatu. Shimo likibaki, hilo si nono, hata kama utepe wa kupimia unene wa mkono haujafika kwenye nyekundu, alama ya hatari, kwa kuwa maji yanauongezea mkono unene. Tazama na nywele: huwa nyekundu na kunyofoka.

Mtoto huyo akifika mahali wasipozoea ugonjwa huu, hutundikiwa serumu, yaani maji ya kupitisha kwenye mshipa, kwa sababu amelegea. Na sisi wenyewe tunaidai! Muganga asiyetundika serumu tunamhesabu hajafanya kazi. Lakini moyo wa mtoto wa bwaki ni dhaifu na mwili wake umekwisha kujaa maji na chumvi. Serumu ya haraka inaweza kumuua. Huwekwa kwa hali ya hatari tu, polepole, muganga akiwa pale pale.

Ndiyo maana natetea hospitali ya watoto ya Lwiro, kule Kabare ukishapita Kavumu, ambayo kwa miaka mingi inapokea watoto wa utapiamlo. Matibabu yenyewe ni ya subira: maziwa maalumu ya kuanzia yaitwayo F-75, kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku, kumtunza mtoto asipate baridi, antibiotiki hata bila homa, na dawa ya madini ya chuma kungojeshwa kwanza. Siku za mwanzo uzito hushuka, kwa maana maji yanatoka. Mama anaogopa, wengine wanatoroka na mtoto. Uvimbe ukipungua na hamu ya kula ikirudi, ndipo F-100, maziwa yenye nguvu zaidi, au siagi ya karanga iliyotiwa maziwa na vitamini. Muuguzi wa kumwamsha mtoto saa tisa za usiku anyweshwe kikombe kidogo, utampata wapi katika wodi ya hospitali ya kawaida iliyojaa majeruhi na wagonjwa wa upasuaji?

Wakubwa wa afya wa jimbo, maziwa hayo yasikatike. Na mama anayelala na mtoto hospitalini apewe chakula. Nikimshawishi mama aende, haulizi dawa. Anauliza nani atabaki na wadogo, na yeye atakula nini huko. Njaa ndiyo inayowarudisha nyumbani kabla ya kupona.

Mtoto mwenye hamu ya kula na asiye na ugonjwa mwingine anaweza kutibiwa akiwa nyumbani, chini ya kituo cha afya. Anayekataa kula, au aliyevimba mpaka usoni, wauguzi wenzetu wa mitaani mnyweshe maji ya sukari kwa kijiko, mfunikeni vizuri, mtumeni siku hiyo hiyo.

Mjumbe wa afya,
Kadutu, Bukavu