Wifi amenilipa sweta nililomfumia mwanawe

Shikamoo Shangazi,

Naomba univumilie, najua barua ndefu zinachosha, ila usiku wa leo sijalala, na hata nikisinzia najikuta nahesabu elfu ishirini na tano. Elfu ishirini na tano, Shangazi. Mpaka naandika hapa ipo kwenye simu, sijaitoa, na ujumbe uliokuja nayo sijaufuta.

Mambo ya mawifi unayajua, kwa hiyo sianzii mbali. Mimi sina ugomvi na wifi yangu. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninayemweleza hapa ananikatiza, "mawifi ndivyo walivyo." Huyu sivyo alivyo. Hajawahi kunisema vibaya kwa mama mkwe, akija haketi sebuleni kungoja chakula, anaingia jikoni anamenya viazi na kucha zake zile ndefu. Ndiyo maana inaniuma. Angekuwa mkorofi ningejua pa kuiweka.

Nina kibanda cha chai hapa Makambako, upande wa magari yanayokata kwenda Njombe na Songea. Basi likishaondoka kunatulia, wenzangu wanashika simu, mimi nashika sindano. Upepo wa huku usipokuwa na kitu mkononi vidole vinakufa ganzi. Kufuma nilifundishwa na bibi yangu, naye alifundishwa na akina mama wa misheni, na kwenye ukoo wetu hakuna mtoto aliyezaliwa akakosa kofia yangu. Mama mkwe ana shali langu anakwenda nalo kanisani. Sijawahi kuuza hata soksi. Majirani wananiambia nina wazimu, chai ya mia tano nauza halafu kazi ya usiku kucha naigawa bure. Nawajibu chai ni chai.

Sasa huyu mtoto wa wifi ni wa kwanza, amesubiriwa miaka mingi sana, machozi ya mama mkwe juu ya jambo hilo mimi nimeyaona. Wanaishi Dar. Utaniuliza sweta la nini Dar. Sikufuma kwa ajili ya Dar. Nilijua lazima ataletwa kwa bibi yake Makete, na kwetu kule ni upande wa Kitulo, Juni na Julai ukitoka nje alfajiri unakuta majani meupe kwa barafu. Mtoto aliyezaliwa kwenye joto umpeleke kule na kisweta chepesi cha dukani, unamtafutia kifua. Sikutaka aje aumwe halafu waseme nyumbani kwao hakuna aliyemfikiria.

Na nilitaka iwe sufu. Nyuzi za dukani hapa nyingi ni za plastiki, rangi zake nzuri na hazirudi ukifua, lakini joto lake dogo, na pasi ya mkaa ikizigusa zinayeyuka. Sufu naitoa kwenye mitumba. Nachukua sweta kubwa la mtu mzima, hata likiwa limetoboka kiwiko, la kwanza naangalia mshono wa ubavuni. Likiwa limekatwa kwa mkasi likapigwa ovaloki naliacha, maana ukilifumua unapata vipande vifupi vifupi. Natafuta lile lililofumwa kila kipande kwa umbo lake, mgongo peke yake, mikono peke yake, ndipo vikaunganishwa. Nikiwa na shaka nachomoa uzi kidogo naomba kiberiti. Ukinuka nywele zilizoungua ukaacha jivu la kusagika, hiyo sufu. Ukiyeyuka ukawa kidonge kigumu, nalirudisha. Muuza mitumba wangu siku za kwanza alidhani naroga, siku hizi ananiwekea kiberiti mwenyewe.

La mtoto lilitoka kwenye sweta moja la kiume, bluu iliyopauka. Nililifumua lote. Uzi wa sweta kuukuu unatoka umejikunja kama tambi, huwezi kuufuma hivyo, nikauzungushia kwenye mgongo wa kiti, nikaufunga, nikaufua, nikautundika na chupa ya maji chini yake hadi ukanyooka. Pindo na sehemu za kubana mkononi sindano namba 10, ile nyembamba, mwili namba 8, nene kidogo. Na kwa kuwa kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja ni kikubwa kwa shingo yake, nikaacha mpasuko begani wenye vifungo vitatu, ili mama yake asihangaike kumvuta masikio kila akimvua. Vifungo hivyo nilivitafuta Makambako nzima, nilitaka vidogo visivyo na ncha. Angesema tu, "Wifi, hata vifungo umevifikiria." Basi. Nisingehitaji kingine.

Nakueleza haya yote si kwa kujisifu, ni ili ujue nilichompa ni kitu gani.

Walikuja Juni, tukakutana wote Makete. Mtoto alivaa tangu asubuhi hadi anapolala, wifi akanikumbatia mbele ya watu, akapiga picha weee, mtoto mgongoni kwa bibi, mtoto kwenye viazi, mtoto na kondoo. Nilirudi kwangu moyo mweupe. Hawajafika Dar hata wiki haijaisha, simu ikalia, pesa imeingia. Chini yake ujumbe: "Wifi asante sana kwa sweta, kazini kila mtu ameliulizia. Hiyo ni ya uzi na usumbufu. Kuna wenzangu wanne wanataka ya watoto wao, niambie bei."

Usumbufu. Shangazi, nani alimwambia nilisumbuka?

Na kama ni biashara, basi tuifanye biashara. Elfu ishirini na tano ni pesa gani kwa sweta la sufu la mkono? Lile la kiume nililolifumua nililinunua, vifungo nimenunua, sabuni yangu, mafuta ya taa na umeme wangu wa usiku, na macho yangu haya ambayo sasa sindano namba 10 naiona kwa shida. Kwa hesabu hiyo amenipunja. Lakini mimi sikumuuzia! Simdai! Nisieleweke kwamba nataka aongeze. Angetuma laki moja ningeumia zaidi.

Nikamjibu, "Sawa wifi, Mungu akubariki." Ningejibu nini? Kwa hiyo yeye kule amelala usingizi wake, anajua kafanya jema.

Mume wangu nilimweleza akacheka. Anasema dada yake tangu utoto hataki kula cha mtu, nisiikuze. Halafu akaniambia kama sitaki kuitumia nimpe yeye aweke mafuta kwenye pikipiki, mbao zinamsubiri Mafinga. Nikamwambia hiyo pesa haiguswi. Akaniuliza haiguswi kwa nini, kama nimeikataa si niirudishe, na kama nimeikubali si tuile. Nikakosa jibu, nikasusa. Mpaka leo tunasalimiana tu.

Kuna jambo sikutaka kuliandika ila bila hilo utaniona nina makuu. Mtoto wangu wa pili alizaliwa kwa operesheni. Usiku ule hapa nyumbani hakukuwa na hata nauli, mume wangu alikuwa porini kwenye mbao na simu haishiki, na aliyetoa pesa ya gari na ya kule hospitali ni wifi. Alitoa yote. Hajawahi kuitaja, hata kwa utani, hata siku moja. Tulipopata, mume wangu akataka kumrudishia, akagoma, akasema mtoto ni wake pia. Basi msimu wa viazi tukampelekea gunia kwa basi. Kesho yake akatuma pesa ya gunia. Tukampelekea maparachichi, akatuma pesa ya maparachichi na ya usafiri, na akasema asante kwa kumkumbuka. Mume wangu anaona ni ukarimu. Na kweli ni ukarimu, sitaki kumtukana mtu aliyeniokoa. Lakini viazi vina bei sokoni, nikajisemea hili sweta halina, nimelitoa kwenye uzi nilioufumua kwa mikono yangu, hili atalipokea. Nalo kalipia.

Je, mtu wa namna hii unamshukuruje? Maana kila nikinyoosha mkono ananiwekea pesa. Mwanangu anaelekea darasa la kwanza na mimi bado sijasema asante ikafika.

Sasa mwezi ujao tunakutana tena Makete, kuna mahari ya binti wa shemeji. Na mimi, kabla ya mambo haya, nilikuwa nimeshaanza sweta la wifi mwenyewe. Zambarau, rangi yake. Mgongo umekwisha, kifua kimefika kwapani, imebaki mikono na shingo. Liko kwenye mfuko chini ya kitanda tangu ule ujumbe uingie. Jana usiku nilitoa nikashika uzi nitake kulifumua, nikafumua mstari mmoja, nikaurudishia. Nikilimaliza nikampa mbele ya wakwe, nitakaa nangoja simu ilie. Na mbaya zaidi asipolipa nitajiuliza kwa nini hili hakulipia, hakulipenda? Unaona nilikofikia?

Mama mkwe naye kasikia habari za wale wenzake wanne. Kanipigia, "Mwanangu, kubali, hiyo ni riziki, wenzio wanaitafuta." Sitaki. Nikianza kumfumia mtu kwa bei, kesho shangazi wa mume wangu nikimpa kofia ataona namtegea alipe. Na uzi nautoa wapi, mimi siyo mashine ya wale wanaofuma masweta ya shule. Lakini Shangazi nikuambie ukweli, juzi nilijikuta namuuliza muuza mitumba akinichagulia masweta ya sufu matano au sita atanipunguzia kiasi gani. Kanitajia bei, na si mbaya. Mkubwa wangu Januari anaingia kidato cha kwanza, godoro, sanduku, sare, michango, wewe mwenyewe unajua. Nikapiga hesabu nyuma ya kijitabu cha madeni ya chai, nikaona wale wanne wakitoa elfu arobaini arobaini inaniondolea mengi. Halafu nikachana ukurasa.

Jirani yangu mmoja ananishauri niirudishe ile elfu ishirini na tano kimya kimya, nimtumie tu bila neno. Naogopa ataona nimemrushia usoni, na mama mkwe akisikia itakuwa kikao. Mwingine anasema ninunue kitu cha mtoto kwa hiyo hiyo pesa, nimpelekee Makete. Hilo nimelipenda, ila si atalipia tena?

Nisaidie lile sweta la zambarau, nilimalize au niliache, kwa sababu wiki tatu zilizobaki hazitoshi nikiendelea kukaa hivi, mikono peke yake inataka muda. Na kama utasema nimrudishie pesa, basi nipe na maneno yenyewe ya kumwambia, maana nikisikia tu sauti yake kwenye simu, "Wifi mambo," kila nilichopanga kinapotea naishia kusema asante.

Jina langu usiliandike, wifi huwa anakusoma.

Msomaji wako,
Makambako