Salamu za Idi ya Mfunguo Mosi, na Neno kwa Sisi Tunaonunua Midoli

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kwa niaba ya mke wangu, watoto wangu na wote waliobakia katika nyumba yetu ya Kikwajuni, natoa mkono wa Idi kwa ndugu, jamaa, majirani na marafiki, wa Unguja na wa Pemba, wa Bara, na wale walioko Maskati, Dubai na Uingereza. Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu, visimamo vyetu na sadaka zetu, awarehemu waliotutangulia, awaponye wagonjwa wetu, na atukutanishe na Ramadhani nyingine tukiwa na uzima na imani. Idi Mubarak. Minal aidina walfaizina.

Nimesema "waliobakia" kwa sababu mama yetu alitutoka mwezi wa Rajabu. Wengi wenu mlikuja kumzika, mkahudhuria khitma, mkatuletea vyakula mpaka tukakosa vyombo vya kuvitilia, na hatuna cha kuwalipa isipokuwa dua. Hii ndiyo Idi ya kwanza ambayo baraza yetu haina mtu wa kuketi tangu watu wanaporudi kusali, na watoto wa mtaa waliozoea kupita kwake kudai sikukuu yao watampata mwanawe, ambaye hajui majina yao yote kama yeye alivyoyajua.

Mwaka wenyewe haukuwa mwepesi kwa mtu. Ramadhani hii sukari, ngano na mafuta vilikuwa na bei ya asubuhi na bei ya alasiri, mchele wa mapembe ulipimwa kwa hesabu ya vijiko, na nazi, ambayo zamani ukipita shambani unaiokota chini ya mnazi, sasa inanunuliwa kwa kupatana kama kitambaa. Nawajua waliofuturu kwa uji na tende siku nyingi kuliko walivyotaka majirani wajue. Ada za madrasa, nauli, kodi za nyumba, yote yalisubiri mfuko uleule. Alhamdulillahi, tumefika.

Hata hivyo, kumi la mwisho lilipoingia, soko la Darajani halikupitika. Nilikuwepo baada ya tarawehe, na sikuona mtu aliyesimama kuuliza bei ya mchele kwa muda aliosimama kuuliza bei ya bunduki ya maji. Zilikuwepo saa za plastiki ambazo mishale yake imechorwa, miwani ya rangi, magari ya betri yanayogonga ukuta yakageuka, simu zinazolia wimbo mmoja, na zile bunduki za vipira ambazo kila mwaka zinaumiza jicho la mtoto na kila mwaka zinarudi sokoni. Baba mmoja, mtu mzima mwenye kofia nzuri ya vito, alikuwa akimbembeleza muuzaji ampunguzie elfu mbili, na mtoto pembeni yake akimvuta kanzu na kusema kwamba siyo huo, ni ule mwingine. Nilimwonea huruma, kisha nikajionea mwenyewe, maana nilikuwa mahali pale pale Idi ya Mfunguo Tatu iliyopita.

Binti yangu wa pili ana miaka tisa. Wakati ule, katikati ya mwaka 2025, hakuzungumza jambo jingine isipokuwa Labubu, kile kidoli chenye masikio ya sungura na meno ya papa ambacho aliwaona wasichana kwenye video wamekining'iniza mikobani. Baadaye nilisoma habari zake. Kilibuniwa na msanii Kasing Lung na kinauzwa na kampuni ya China iitwayo Pop Mart, tena mara nyingi ndani ya boksi lililofungwa, hata mnunuzi asijue ametoa fedha yake kwa ajili ya kipi mpaka alifungue. Sitoi fatwa, hiyo ni kazi ya masheikh, lakini najua jina la mchezo ambao mtu hutoa fedha kisha akangoja bahati. Kule Uingereza mwezi wa Mei kampuni hiyo ililazimika kusitisha kukiuza madukani mwake kwa sababu ya misukumano na ugomvi wa wanunuzi, na mwezi wa Juni, mjini Beijing, kimoja chenye kimo cha mtu kiliuzwa mnadani kwa zaidi ya yuani milioni 1. Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1983 Wamarekani walipigana madukani kwa ajili ya wanasesere walioitwa Cabbage Patch Kids, na mwaka 1996 wakarudia kwa mdoli wa Tickle Me Elmo, ambao ukiutekenya unacheka. Wale waliokuwa watoto mwaka 1983 ndio waliokuja kuwa wazazi, na sijui kama kuna mmoja wao aliyekumbuka.

Mimi nilipewa bei ya shilingi 45,000, na nikaapiwa kwamba ni chenyewe, kimetoka Dubai. Nilinunua. Sikukuu mosi, kabla hatujatoka kwenda Mnazi Mmoja, binti wa shangazi yake alikishika, akakifunua mdomo kwa kidole kama mtu anayenunua punda, akahesabu taratibu. Meno yalikuwa kumi na moja. Cha asili kina tisa, na watoto hao wanalijua hilo kuliko wanavyozijua nguzo za swala. Binti yangu hakulia. Alikiweka juu ya kabati, na hakukigusa sikukuu zote nne.

Kama ingekuwa hasara ya fedha tu, nisingewasumbua nayo siku kama ya leo. Fedha ile ilikuwa ya doti ya mama. Kila Idi tangu nianze kazi nilimnunulia doti, na jioni ile nilikuwa nimeshaichagua, muuzaji ameshaikunja, nikamwambia aniwekee pembeni ninarudi. Sikurudi. Nilimwambia mama nitamletea wiki inayofuata, akanijibu, "Hamna neno mwanangu, kanga ninazo," na asubuhi ya sikukuu akakaa barazani na kanga ya mwaka wa nyuma, ameifukiza udi, pindo lake limeanza kuchanika upande wa kulia. Alipokea wageni nayo siku nne. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa miezi. Doti niliyomnunulia hatimaye ndiyo iliyotumika siku ya josho lake.

Nimeliandika hilo mara moja, na sitalirudia.

Basi mniwie radhi wazazi wenzangu kama neno langu litakuwa refu kuliko salamu. Sisemi kwamba mtoto asinunuliwe kitu cha kuchezea. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa na wanasesere wake na farasi wa vitambaa mwenye mbawa, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimwona navyo, akamuuliza, akacheka kwa jibu lake. Mtoto kucheza ni haki yake, na Idi bila mtoto kuchekelea kitu kipya ni Idi iliyopungua. Wala sitasema kwamba zamani tulikuwa bora, kwani si kweli. Miaka ya mwanzo ya themanini maduka yalikuwa matupu, na mimi nililia kutwa nzima kwa ajili ya gari la bati ambalo baharia mmoja mtaani alimletea mwanawe. Tulitengeneza ngalawa za vipande vya ndara, tanga la mfuko wa nailoni, tukazishindanisha maji yakijaa, na hata hivyo nililitaka gari lile. Mama aliniacha nilie. Kisha akaniambia, "Lia, ukichoka wali upo." Nilichoka, nikala.

Tofauti ni kwamba yeye aliweza kuyavumilia machozi yangu, nami siwezi kuyavumilia ya binti yangu hata robo saa. Huo ndio ugonjwa wetu, na tusiwasingizie watoto. Mtoto hutaka, na kutaka ni kazi yake. Mzazi ndiye mwenye kujua nani ndani ya nyumba atakayelipia: je, ni bibi atakayesema hamna neno, ni mama atakayeshona upya gauni la mwaka juzi, ni mwenzetu katika kibati, yaani upatu wetu, atakayesubiri zamu yake kwa sababu tumeila kabla ya wakati, ama ni sisi wenyewe mwezi ujao, pale mkopo wa simu utakapoanza kututumia ujumbe usiku wa manane? Ikiwa kuna mtu atakayelipia kimya kimya, hapo ndipo mzazi alipopaswa kusimama, hata kama mtoto atagaragara mbele ya watu wote wa Darajani. Mola wetu amewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani, nasi tunautamka ubadhirifu kana kwamba ni wa matajiri peke yao, ilhali maskini aliyekopa ili asiaibike mbele ya picha za simu ya shemeji yake amebadhiri mara mbili, mali asiyokuwa nayo na heshima aliyokuwa nayo.

Na enyi mlioko ng'ambo, ambao maboksi yenu tunayapokea kwa shukrani, msikasirike nikisema kwamba mtoto aliyeachwa kwa bibi yake hukifungua kile kilichoandikwa kwa lugha asiyoijua, akakichezea mpaka betri zikafa, kisha akauliza mnarudi lini. Pigeni simu sikukuu mosi asubuhi, kabla hawajatoka kwenda viwanjani. Baada ya hapo hamtawapata, wako Kariakoo ya Unguja, wako Tibirinzi ya Pemba, wanakula mabarafu na kupoteza viatu.

Wanangu nimewapa kila mmoja elfu tano, wanunue wenyewe, na wakikosea wakosee kwa chao. Binti yangu amenunua tiara mbili za kurusha na andazi, akarudisha chenji bila kuulizwa.

Nawatakia Idi njema yenye afya, mapenzi na salama, nyinyi na wote mnaowahifadhi majumbani mwenu. Wazee wa mtaa tutawapitia sikukuu mosi baada ya adhuhuri. Sikukuu pili mlango wetu uko wazi tangu saa nne. Biriani ipo, mkate wa ajemi upo, na watoto watakaopita barazani watapata mkono wao, noti mpya nimeshazibadilisha. Wanitajie majina yao, na wasiende mbio, maana ninaandika.