Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Chalinze: fedha za mvinyo ziende kwenye meza na ubaridi

Ndugu Mkurugenzi,

Tunakuomba mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa vikundi vinavyosindika mvinyo wa mananasi Kiwangwa, isinunue mashine ya kamera ya kuchambulia zabibu iliyomo kwenye orodha ya vifaa. Ni mashine nzuri, ila si ya tunda letu.

Zabibu hutolewa kwanza vikonyo, zikatandazwa punje mojamoja kwenye mkanda unaokimbia. Kamera huipiga picha kila punje, kompyuta hupima rangi na umbo, na punje mbovu ikiruka tu kutoka kwenye mkanda, hewa ya kompresa huipuliza pembeni. Dodoma, penye zabibu, hilo linaweza kujadiliwa. Nanasi la kilo moja na nusu halipulizwi! Tena uozo wake mweusi huingilia mahali kikonyo kilipokatwa, ukala ndani huku ganda likiwa zima. Kamera italipitisha.

Kinachotufaa ni meza ya chuma kisichoshika kutu, yenye mfereji wa maji na taa nyeupe juu yake, na watu wanne wenye visu. Kila nanasi lipasuliwe kwa urefu kabla ya kukamuliwa. Lililolainika na kuwa kama limeloweshwa upande wa kikonyo, au linalonuka siki, litupwe lote. Kukata kipande kibaya hakutoshi, maana bakteria wa siki wameshasambaa kwenye maji ya tunda.

Refraktomita ya mkononi, yaani kifaa cha kupimia sukari, inataka tone moja tu la juisi. Nanasi haliongezi sukari likishavunwa, hata likigeuka manjano dukani. Juisi ya Brix 13 (yaani sukari kama asilimia 13) hutoa kilevi cha asilimia 7 hivi. Kukifikisha kilevi hicho asilimia 11 kunahitaji sukari kilo 7 kwa lita 100. Potasiamu metabisalfaiti, dawa ya kudhibiti vijidudu kwenye juisi, ni gramu 10 kwa lita hizo, kisha kusubiri saa 24 ndipo hamira iingie. Bila mizani ya gramu, kijiko kitadanganya: ikipungua mvinyo unachacha, ikizidi hamira haiamki.

Penye kustahili fedha nyingi ni joto. Juisi ikichachuka hujipasha yenyewe, na chumba cha Bagamoyo kina nyuzi 30 kabla hata kazi haijaanza. Hapo harufu ya nanasi hutoka pamoja na gesi, hamira huchoka na kusimama sukari ikiwa imebaki, na chupa zilizofungwa mapema huja kupasuka. Tangi la lita 500 lenye koti la maji baridi, likashika nyuzi 18 hadi 20, litaokoa mvinyo mwingi kuliko kamera yoyote. Liwe na jenereta, kwani umeme ukikatika usiku mmoja, joto linarudi.

Tunaomba orodha ya vifaa ibadilishwe kabla fedha hazijatoka. Na muuzaji atakayesisitiza mashine yake, aje aijaribu kwa mananasi ya Kiwangwa mbele ya vikundi vyenyewe.

Wasindikaji wa mvinyo wa matunda,
Kiwangwa, Wilaya ya Bagamoyo