Jina la gesti yako limeandikwa kwa nani?

Juzi bi mkubwa mmoja mwenye gesti kule Shela aliingia dukani kwetu hapa Langoni, Lamu, simu mkononi, jamani tovuti yangu imekufa, Maulidi hiyo inakuja na wageni wanasema hawaioni. Tukaangalia, tovuti haijafa, domeni, yaani lile jina la tovuti unaloliandika kwenye simu, ndo imeisha muda, na imeli ya kukumbusha ilikwenda kwa kijana aliyemtengenezea miaka 3 nyuma. Tena domeni yenyewe imesajiliwa kwa jina la huyo kijana. Bi mkubwa kalipa kila mwaka, risiti anazo zimekunjwa kwenye pochi, lakini kwenye daftari si yake.

Daftari hilo ndo watu wengi hawalijui. Kila domeni mwisho wake una mtunzaji, yeye ndo mwenye daftari la nani kasajili jina gani. Zinazoishia .ke zinatunzwa na KeNIC kule Nairobi, shirika lisilo la faida, na tangu 2017 unaweza kuchukua .ke tupu, si lazima .co.ke. Zinazoishia .africa ziko kwa ZA Central Registry ya Afrika Kusini, kwa baraka za Umoja wa Afrika. Hii ilichelewa sana, maana ICANN, wale wa Marekani wanaosimamia miisho hii dunia nzima, walisaini nao mkataba 2014 lakini kulikuwa na mwengine aliyeitaka pia, kesi ikafika mpaka mahakamani California, ndo ikaanza kazi 2017. AFRINIC ya Mauritius tunaulizwa sana lakini wale hugawa namba za IP, zile namba zinazotambulisha vifaa kwenye mtandao, majina si kazi yao.

Sasa mtunzaji kwa kawaida hakuuzii wewe mkono kwa mkono. Kuna wasajili waliopewa idhini, wao ndo wanaoandika kwenye daftari, na chini yao tuko sisi mafundi wa mitaani tunaonunua kwao kwa niaba ya mteja. Pesa yako inapita mikono miwili mitatu kabla haijafika, na kila mkono unaweza kuandika jina lake badala ya lako, wengine kwa uvivu tu na wengine makusudi ili usihame. Ukija kulalamika, msajili anasoma kilichoandikwa. Sisi watu wa pwani tunalijua hili kwa mashamba, umelima na minazi umepanda wewe lakini hati ina jina la mtu mwengine, utasema nini?

Kwa hivyo sisi tukikusajilia tunaandika jina lako, simu yako na imeli unayoifungua wewe mwenyewe, si ya mpwa wako alioko Mombasa. Ukitaka kuhama unaomba namba ya siri ya uhamisho na tunakupa siku hiyo hiyo, domeni ni mali yako. Kama ulitengenezewa na mtu mwengine pita dukani na jina la tovuti tu, tutakuangalizia bure iko kwa msajili gani na inaisha lini, halafu umuulize fundi wako imesajiliwa kwa jina la nani, muulize sasa hivi mkiwa bado mnaongea vizuri.

Yule kijana aliyemtengenezea bi mkubwa tulimpata kupitia mjomba wake Matondoni, akaja, akakubali kubadilisha umiliki kwa msajili, ikachukua siku 8 na wageni kadhaa washachukua vyumba kwengine. Tarehe ya kulipia tena bi mkubwa kaiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu, kwenye kalenda iliyo ukutani juu ya funguo za vyumba.