Bundi tunayemrushia mawe

Mhariri,

Jumamosi nilimpeleka mjukuu wangu katika hifadhi ya Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, pale wanapouguzwa ndege wawindaji walioumia. Tai tulimwona, lakini aliyeniteka moyo ni bundi.

Alikuwa ametua kwenye glavu nene ya ngozi mkononi mwa mhudumu, hatua mbili tu kutoka niliposimama. Bundi mkubwa, kope zake za waridi kana kwamba zimepakwa rangi. Macho yake hayazunguki. Hugeuza shingo mpaka uso ukatazama mgongoni. Tulionyeshwa unyoya wa bawa lake: ukingoni una vimeno kama vya kitana, ndivyo vinavyozima sauti anaporuka ili panya asimsikie. Mjukuu akaniuliza, "Babu, mbona kwetu tunawaua?" Nilikosa jibu.

Huku Njoro bundi akilia juu ya paa, watu huamka wakiulizana nani mgonjwa. Mwaka juzi jozi moja, wale wadogo wenye uso mweupe umbo la moyo, walitaga darini mwa ghala langu. Niliwafurusha kwa mawe, makinda wakafa, nikaziba tundu. Msimu uliofuata panya walitoboa magunia ya mahindi kwa namna ambayo sijawahi kuona, nikakimbilia sumu. Sumu hiyo nayo haiishii kwa panya. Aliyeila huchukua siku kadhaa kufa, anayumbayumba mchana kweupe, na bundi au mwewe akimla naye anadhurika. Tumbusi ndio wameangamia zaidi, kwa mizoga inayotiwa dawa ya wadudu ili kuua simba na fisi. Yule wa Rüppell, anayejulikana kwa majabali ya Hell's Gate humu kaunti yetu, tangu 2015 yuko katika daraja la mwisho la hatari ya kutoweka porini.

Maafisa wa kilimo wanapotufundisha barazani kuhifadhi mahindi, naomba wamtaje bundi pia. Na walimu wanaoleta watoto kuona simba na vifaru Ziwa Nakuru wasipite tu njia ya Elmenteita. Mtoto aliyemtazama bundi machoni hatamrushia jiwe.

Jumapili nilipanda darini. Yale mabonge ya manyoya ambayo bundi hutapika yangali pale, makavu. Nilivunja moja: mafuvu matatu ya panya. Bati nililozibia tundu nimelibandua.

Mkulima,
Njoro, Nakuru