Namba ya mashine haimsemei mtoto njiti

Mhariri,

Nimenyamaza miaka sita, lakini habari yenu ya juma lililopita kuhusu kupima maumivu ya watoto njiti kwa mapigo ya moyo imenitonesha kidonda. Mwandishi wenu alidai kwamba mapigo yasipopanda, mtoto hakuumia. Si kweli, na ni kauli ya hatari.

Mwanangu alizaliwa mimba ikiwa na wiki 27. Siku ya tisa alitobolewa kisigino mara tatu asubuhi moja ili atolewe damu ya vipimo. Mara ya kwanza namba ya mapigo kwenye mashine iliruka kutoka 150 hadi 178 kwa dakika, kengele ikalia, muuguzi akaizima bila kumtazama mtoto. Mara ya tatu namba haikusogea ila kwa mapigo mawili, naye akaniambia, "Unaona mama, ameshazoea." Mimi nilikuwa nimeinamia inkubeta, nikaona paji la uso limekunjamana, macho yamefumbwa kwa nguvu, vidole vimetanuka na kukakamaa, na mdomo umeachama pasipo sauti kwa sababu mpira wa kupumulia ulikuwa umepita kooni. Alikuwa amechoka, mhariri, hata nguvu ya kuitikia hana. Mapigo hayo hayo hupanda mtoto akibadilishwa nepi tu, au akipewa kafeini ya kumsaidia kupumua. Ndiyo maana kipimo cha maumivu ya watoto njiti kiitwacho PIPP, kilichochapishwa mwaka 1996, huyasoma pamoja na oksijeni, paji, macho, mkunjo wa kando ya pua na umri wa mimba.

Hadi miaka ya 1980 njiti wengi walipasuliwa wakiwa wamelegezwa misuli, huku dawa ya maumivu ikiwa haba au haipo kabisa, mpaka daktari mtafiti Anand na wenzake walipoonyesha mwaka 1987 kwamba waliopewa fentanili, dawa kali ya maumivu, walipata matatizo machache baada ya upasuaji. Kosa lile lilianza kwa kutoamini kilichoandikwa usoni.

Na kwa nini wazazi wengi hutolewa nje sindano inapoletwa, ilhali kumlaza mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, hupunguza mruko huo wa mapigo?

Naomba maabara zikatae damu ya njiti yeyote ambaye fomu yake haionyeshi mapigo kabla na baada ya kutobolewa, sura yake ilivyokuwa, kama alipewa matone ya sukari ya kupunguza maumivu dakika mbili kabla, na nani alikuwa amemshika.

Mama wa mtoto njiti